Juu ya "Juu": Utangulizi wa Elimu ya Maana

Pengine umefika hapa kwa sababu mwalimu wako amekupa kazi ya kuandika. Pengine unapenda lugha na unataka kujua watu wanaoichunguza hufanya nini kutwa nzima. Vyovyote iwavyo, umefika mahali pazuri. Elimu ninayotaka kukufungulia inaitwa semantiki, yaani tawi la isimu linalochunguza maana: neno linamaanisha nini, limeipataje maana hiyo, na msikilizaji anaichaguaje miongoni mwa nyingine. Jina lisikutishe. Kifaa cha kwanza cha kazi hii unacho tayari, nacho ni Kiswahili unachokisema hapa Uvira: nyumbani, sokoni na kwenye forodha ya kuvukia Gatumba.

Tutaanza na neno moja lenye herufi tatu, neno la kuonyesha upande: juu.

Soma sentensi hii polepole: "Wamegombana juu ya maji." Umeona picha gani? Kama umekulia karibu na bandari ya Kalundu, huenda umewaona wavuvi wawili mtumbwini, usiku, taa zikiwaka, wakitupiana maneno huku ndagala wakiwaponyoka. Ugomvi huo umetokea juu ya maji, ziwani. Kama unaishi mitaa ya ndani, labda umewaona majirani wawili na ndoo zao penye bomba. Hao nao wamegombana juu ya maji, na hakuna hata mmoja wao aliyelowa. Mtu mwingine atafikiri walikuwa wakibishana habari ya maji kama jambo la kujadiliwa: ni safi au si safi, yachemshwe au yasichemshwe. Sentensi ni ileile, wala hakuna kosa la sarufi ndani yake, lakini tumepata mahali, chanzo cha ugomvi, na mada ya mazungumzo.

Mgeni katika elimu hii huuliza mara moja: je, hayo ni maneno matatu yanayofanana kwa bahati, au ni neno moja lenye maana tatu? Swali hilo ndilo msingi wa yote yanayofuata, kwa hiyo tusiliharakishe.

Maneno mawili yasiyo na undugu yanapofanana sauti, hali hiyo tunaiita homonimia. Tazama "kaa". Kuna kaa la moto, kuna kaa anayetembea kwenye mawe ya ziwa letu, na kuna kukaa kitako. Huwezi kuchora njia ya kueleweka kutoka kwenye moto hadi kwa mdudu mwenye magando, yamekutana tu. Neno moja likiwa na maana kadhaa zenye uhusiano, hiyo ni polisemia. Hapo njia inachorekeka: maana ya pili imezaliwa na ya kwanza, ya tatu imezaliwa na ya pili, na mara nyingi mama na binti wanaendelea kuishi nyumba moja. Dai langu ni kwamba "juu" ni polisemia tupu, na kwamba sisi wa Uvira tumelifikisha neno hili mbali kuliko watu wengi wa pwani walivyolifikisha. Inabaki kulithibitisha.

Tuanzie chini kabisa, au niseme juu kabisa. Ukijua Kirundi au Kinyarwanda, unajua kwamba "ijuru" ni mbingu. Waganda wanasema "eggulu". Hayo ni ndugu wa damu wa "juu" yetu: lugha za Kibantu zimerithi shina moja la kale lililohusu mbingu na kilicho juu. Kwa hiyo neno hili lilipoanza safari yake lilikuwa jina la kitu unachoweza kukinyooshea kidole. Mwenzake "chini" ana historia ya namna hiyohiyo: ndani yake mmelala "nchi", yaani ardhi, pamoja na kiambishi "-ni" cha mahali. Juu ni kwenye mbingu. Chini ni kwenye ardhi.

Ukishaona hilo, maneno mengine ya upande yataanza kukufungukia. "Ndani" ina "nda", yaani tumbo, na Kirundi kingali kinasema "inda" kwa maana hiyo. "Mbele" inahusiana na titi, kifua: linganisha "imbere" na "ibere" za Kirundi. Bernd Heine, mwanaisimu wa Köln nchini Ujerumani aliyezichunguza lugha nyingi za Afrika, ameonyesha kwamba jambo hili linajirudia barani kote. Watu huokota majina ya viungo vya mwili, au ya mbingu na ardhi, wakayafanya maneno ya mahali. Njia hiyo, ambapo neno lenye maana nzito na ya kushikika linageuka polepole kuwa chombo cha sarufi, inaitwa usarufishaji. Kumbuka istilahi hiyo, tutaihitaji tena.

Sasa tulitazame neno likifanya kazi yake ya kawaida, ya mahali. Hata hapa pana jambo la kuangalia. Sahani iko juu ya meza: imegusa. Ndege wanaruka juu ya ziwa: hawakugusa chochote. Nyumba ya fulani iko juu ya barabara: hapo hakuna kilichokaa kichwani pa kingine, nyumba imejengwa kwenye mteremko, palipoinuka kuliko barabara ilipo. Kiswahili hakitulazimishi kutofautisha kugusa na kutogusa, ilhali Kifaransa tulichosomea shuleni kinatutaka tuchague kati ya "sur" na "au-dessus de". Wanafunzi wengi hujikwaa hapo bila kujua kosa limetoka wapi.

Mfano wa nyumba na barabara unatuleta kwenye mji wenyewe. Uvira umebanwa. Magharibi imesimama milima ya Mitumba, na huko nyuma nyanda za juu zina vilele vinavyozidi mita 3,000. Mashariki ni Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko takribani mita 770 kutoka usawa wa bahari. Mji umelala katikati kama ukanda. Matokeo yake ni kwamba mtu wa Uvira anayekuelekeza njia hana haja ya kutaja magharibi wala mashariki. Akikwambia upande kidogo, utaelekea mlimani. Akikwambia ushuke, utaelekea ziwani. Mteremko ndio dira.

Wataalamu wana jina la jambo hili: mfumo wa marejeo, yaani kile kitu tunachokitegemea ili neno la upande lipate maana. Stephen Levinson, katika kitabu chake cha mwaka 2003 kuhusu lugha na nafasi, anatenga mifumo mitatu. Upo wa kitu chenyewe: juu ya chupa ni penye kizibo, hata chupa ikiwa imelala. Upo wa mtazamaji: kushoto kwa mti ni kushoto kwangu mimi ninayeutazama. Na upo wa mazingira, unaotegemea jua, upepo au mteremko wa nchi. Levinson na Penelope Brown walikaa na wasemaji wa Kitzeltal huko Tenejapa, kusini mwa Meksiko, ambako nchi inateremka kutoka kusini kwenda kaskazini. Watu hao huyatumia maneno yao ya mlimani na bondeni hata ndani ya nyumba yenye sakafu iliyo sawa: kikombe kilicho upande wa kusini mezani ni cha "mlimani". Msomaji wa Paris husoma hayo akashangaa. Wewe wa Uvira huna sababu ya kushangaa sana.

Hapa niweke tahadhari, kwa sababu wanafunzi huchanganya. "Kupanda" na "kushuka" kwa msafiri kunaweza kuongozwa na mifumo miwili kwa wakati mmoja. Kwenda Bukavu ni kupanda, na hakuna wa kubisha: mji ule uko karibu mita 1,500, na mto Ruzizi unaotoka Ziwa Kivu unaporomoka karibu mita 700 kabla haujatufikia. Lakini Bukavu pia iko kaskazini, na kwenye ramani ya ukutani kaskazini iko juu. Sasa mtu anaposema anashuka Kalemie, kusini kwetu, kwa meli, anashuka wapi? Meli inaelea kwenye ziwa lilelile. Haishuki hata mita moja. Anayesema hivyo amekopa ramani ya ukutani. Mlima na karatasi vimekubaliana kuhusu Bukavu, na kwa sababu hiyo hatukugundua kwamba ni vitu viwili.

Maji hayana utata wa namna hiyo: yakishuka, yameshuka kweli. Wasafiri Burton na Speke walipofika Uvira mwezi wa Aprili 1858, wakitafuta chanzo cha Nile, walikuwa wameshasikia kwamba Ruzizi unatoka Ziwa Tanganyika kuelekea kaskazini. Wenyeji wakawaambia la: mto unaingia. Livingstone na Stanley walikuja wenyewe kuutazama mwezi wa Novemba 1871, wakauona ukiingia. Mtoto yeyote wa uwanda wa Ruzizi angewaambia hivyo bure.

Tupige hatua ya kwanza ya kutoka mahali. "Bei iko juu." "Dola imepanda." Hakuna kitu kilichopanda ngazi, idadi ya faranga imeongezeka, basi. Kutumia lugha ya jambo moja kuwazia jambo jingine kunaitwa sitiari, na shuleni ulifundishwa kwamba sitiari ni pambo la washairi. George Lakoff na Mark Johnson walilipinga wazo hilo mwaka 1980. Walisema sitiari za aina hii zimo katika fikra za kila siku, na kwamba zina mizizi katika yale ambayo mwili umeyaona. Anayemimina unga kwenye debe huuona ukipanda kadiri unavyoongezeka. Na sisi tunaoishi kando ya maji tumeliona jambo hilo kwa uchungu. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, watu wengi wakafa na nyumba zikabomoka. Miaka iliyofuata ziwa lenyewe likapanda hadi likaingia katika nyumba za ufukweni. Maji mengi zaidi na maji ya juu zaidi ni tukio moja. Lugha imeshika tukio hilo na kulipeleka hadi kwenye dola, ambako hakuna maji.

Usidhani kwamba "juu" basi ni jambo jema daima. Ni wingi, na wingi wa bei humfurahisha muuzaji peke yake.

Karibu na hapo pana "juu" ya cheo na ubora: wakubwa wa juu, elimu ya juu, hali ya juu. Sitakaa hapo, utaifumbua mwenyewe. Ninalotaka ulione ni fumbo lililo kando yake. Tunasema mtu ana elimu ya juu, tukimsifu. Halafu tunasema amelielewa jambo juujuu, tukimlaumu. Inawezekanaje neno lilelile lisifu na lilaumu?

Jibu liko ziwani, na hapa naomba univumilie nikae kidogo. Kiwazie kipimo cha kwanza: kinaanza ardhini kikipanda mlimani, na kila unapopanda unapata zaidi. Elimu ya juu imekaa kwenye kipimo hicho. Kiwazie sasa cha pili: kinaanza kwenye uso wa maji kikizama. Tanganyika ina kina cha mita 1,470 penye kina kirefu kabisa, kiasi kwamba sakafu yake iko karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari. Anayebaki usoni hajaona kitu. "Juujuu" ni kubaki usoni, na kinyume chake hakiwi "chinichini", neno ambalo lina kazi yake nyingine, ya siri. Kinyume chake ni "kwa kina". Kwa hiyo "juu" moja inahesabiwa kutoka ardhini na nyingine inahesabiwa kutoka usoni. Kamusi itakupa maana mbili zenye namba 4 na 7, tuseme, na kukuacha ukidhani zinapingana. Mchoro unaonyesha kwamba zimesimama mahali pamoja zikitazama pande tofauti.

Umegundua kwamba nimetumia kinyume kama kipimo? Hiyo ni mbinu halisi ya kazi yetu, na ndiyo ya kwanza ninayomfundisha kila anayeanza. Ukitaka kujua kama maana mbili ni tofauti, tafuta kinyume cha kila moja. Juu ya meza: chini ya meza. Elimu ya juu: elimu ya msingi. Juujuu: kwa kina. Wamegombana juu ya pesa: hapa hakuna kinyume kabisa. Huwezi kugombana chini ya pesa. Neno linapopoteza kinyume chake, jua kwamba limeondoka mahali na kuingia sarufi. Mbinu ya pili ni kubadilisha: "juu ya" ikikubali kupisha "kuhusu", ni mada, ikikubali "kwa sababu ya", ni chanzo, ikikataa yote mawili, ni mahali. Ya tatu inachekesha. Unganisha maana mbili chini ya neno moja uone kama sentensi inasimama: "Mtumbwi na ugomvi wao vilikuwa juu ya maji." Ukicheka, maana ni mbili.

Tumefika sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kutoka mahali neno lilipitia wapi hadi likawa sababu?

Kituo cha kwanza ni mzigo. Kilicho juu yako kinakuelemea, kama wanavyojua akina mama wanaoteremka na vikapu kutoka Bijombo, kwenye nyanda za juu. Kwa hiyo: deni liko juu yangu, gharama za msiba ziko juu ya ukoo, uamuzi uko juu yako. Kituo cha pili ni mada: tunasema juu ya jambo, tunaandika juu ya jambo. Maneno yamewekwa juu ya kitu. Lugha za mbali zimepita njia hiyohiyo. Kifaransa kinaandika kitabu "sur" historia, Kijerumani kinazungumza "über" siasa. Neno la Kiingereza "over", ambalo Claudia Brugman alilichambua katika tasnifu yake ya mwaka 1981 huko Berkeley, ndilo lililowafanya wanaisimu wengi wazame katika utafiti wa aina hii. Alionyesha kwamba maana zake nyingi zimeungana kama mtandao, wala hazikumwagwa ovyo.

Kituo cha tatu ndicho kwetu. Rudi kwenye ugomvi: "Wamegombana juu ya shamba." Shamba ndilo walilokuwa wakilisema, na shamba ndilo lililowagombanisha. Mada na sababu zimekaa kwenye kiti kimoja. Mazingira ya namna hii tunayaita muktadha daraja: sentensi inakubali maana ya zamani na maana mpya kwa pamoja, na msikilizaji anavuka bila kutambua kwamba amevuka. Akishavuka mara nyingi, anaweza kuitumia maana mpya mahali ambapo ile ya zamani haiwezekani tena. "Amelala juu ya homa." Hapo homa haizungumzwi wala haikaliwi, ni sababu tu. Na swali letu la kila siku, "Juu ya nini haukukuya?", halihusu mahali hata kidogo. Mtu wa Zanzibar angesema "Kwa nini hukuja?" na huenda akakuomba urudie.

Kisha pakatokea hatua ya mwisho, ndogo kwa sikio lakini kubwa kwa sarufi. Jibu la swali lile ni: "Juu mvua ilinyesha." Ile "ya" imeanguka. "Juu ya" inahitaji jina baada yake, kama "mvua". "Juu" peke yake imebeba sentensi nzima, "mvua ilinyesha". Neno lililokuwa mbingu limekuwa kiunganishi, ndugu wa "kwa sababu" na "maana". Huo ndio usarufishaji niliokuomba uukumbuke, na umeutazama kwa macho yako tangu mwanzo hadi mwisho. Nairobi nao wamefika hapo: vijana wa huko husema "sikukuja juu nilikuwa mgonjwa".

Najua umeshaambiwa kwamba hicho ni Kiswahili kibovu. Wengi wetu tumeambiwa hivyo, na mara nyingi na watu tunaowaheshimu. Katika mtihani wa Kiswahili sanifu andika "kwa sababu". Kila lugha ina nguo zake za kazini, na kuzijua ni faida. Lakini ukikaa kwenye kiti cha mchunguzi, neno "kibovu" halikupi habari yoyote. Kilichotokea hapa kimefuata njia ambayo lugha nyingi zimeipita bila kuulizana. Anayeiita uharibifu ana wajibu wa kueleza kwa nini uharibifu huo una utaratibu mzuri kiasi hiki.

Ukiwa umeelewa mpaka hapa, unaweza kulikabili jambo gumu zaidi, nalo ni wakati. Wakati hauonekani, kwa hiyo lugha nyingi huuazimia maneno ya mahali, na yetu imeazima "mbele" na "nyuma". Kiswahili cha vitabuni kinasema "miaka ya nyuma" kwa iliyopita na "siku za mbele" kwa zijazo. Kwetu tunasema "kula mbele, utaenda nyuma": kula kwanza, utaenda baadaye. Tunasema "mbele ya vita" tukimaanisha kabla ya vita. Kwa hiyo mbele ni wakati ujao, na mbele ni wakati uliotangulia! Hapa mwanafunzi hutupa kalamu.

Iokote. Uliza tena swali la mfumo wa marejeo: nani anatazama wapi? Katika picha moja mtu anatembea njiani. Yaliyo mbele ya uso wake hajayafikia, yaliyo nyuma ameyapita. Hiyo inatupa "siku za mbele". Katika picha nyingine hatembei mtu, yanatembea matukio yenyewe, yamefuatana kwa safu. Lililo mbele ya safu ndilo linalofika kwanza. Hiyo inatupa "mbele ya vita". Pwani na Uvira zote zina picha zote mbili. Zimezigawia kazi kwa namna tofauti.

Basi nakuachia sentensi moja ukaanze nayo: "Mkutano wa Jumatano umesogezwa mbele siku mbili." Waulize watu wa nyumbani kwako, kisha mgeni aliyetoka Dar es Salaam, kisha bibi anayesema Kibembe au Kifuliiru kuliko Kiswahili: mkutano utakuwa siku gani? Usiwasahihishe, wala usiwaambie unatafuta nini. Andika anachojibu kila mmoja, Ijumaa au Jumatatu, na kando yake andika lugha alizokulia nazo. Majibu hayatalingana, na hapo ndipo kazi yako ya kwanza ya semantiki itakapokuwa imeanza.